Askofu Steere, Mjenzi wa Unguja

Sisi wa Butembo na Beni tunajenga sana. Huku wanachoma matofali, kule kapela inangoja manjanja. Basi ni vema tupime kazi ya mjenzi mmoja wa karne ya 19, tuone lipi la kufuata na lipi la kuacha.

Edward Steere, Mwingereza na Mwanglikana, alizaliwa London mwaka 1828. Hakusomea ujenzi, alisomea sheria. Alifika Unguja mwaka 1864. Kabla ya kushika jiwe alishika lugha: aliuliza watu, akaandika, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundisha Kiswahili. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa. Pale pale Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu, na Steere, aliyewekwa askofu mwaka 1874, akaisimamia kazi mwenyewe.

Tunasifu mambo mawili. La kwanza ni mahali. Altare iko pale ambapo, watu wanasimulia, watumwa walifungwa na kupigwa fimbo. Hakuna pambo linaloweza kuhubiri kama hilo. La pili ni vifaa. Alichukua matumbawe ya pwani, yakapondwa na kuchanganywa na simenti, akatengeneza paa la kuviringa kama pipa lililopasuliwa. Wengi walisema litaanguka. Hata leo limesimama.

Lakini tusifiche ila. Umbo la nyumba ile, kwa sehemu kubwa, ni la Ulaya. Tena wanasimulia kwamba mafundi walisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini, Askofu akiwa safarini. Wageni husikia habari hiyo na kuwacheka mafundi. Sisi hatucheki. Fundi asiyeelezwa maana ya nguzo atajuaje juu na chini yake? Mtu aliyewauliza Waswahili kila neno la lugha yao, je, aliwauliza pia namna yao ya kujenga?

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ile.

Mapadri, mafratri na wakatekista, swali hilo ni letu pia. Tukileta plani kutoka mbali, na masoni wa kijiji akapewa mwiko tu bila neno, kanisa litasimama, lakini wakristu wataliita nyumba ya padri. Tukae naye kwanza, tuulize, tueleze. Ndipo wataliita kanisa letu.