Nanasi na Moshi

Aventus ya Creed ilitoka mwaka 2010, na wapenzi wa manukato wakaitambua kwa nanasi lake lililofukizwa moshi wa mti wa mbetula. Miaka mitano baadaye Armaf ya Dubai ikatoa Club de Nuit Intense Man, kwa bei isiyofika hata robo ya ile. Wengi huiita ya kuiga na kuishia hapo. Mimi naiheshimu, kwa sababu kuiga harufu ni kazi ngumu.

Mashine ipo, ndiyo. Kromatografia ya gesi huchambua mchanganyiko kemikali moja moja na kuonyesha kiasi cha kila moja. Lakini mafuta ya bergamoti peke yake yana kemikali chungu nzima, nyingine kidogo mno hata mashine haizioni, ilhali pua inazisikia. Tena zipo kemikali ambazo viwanda vilivyozibuni havimuuzii mtu. Hapo fundi hubaki na pua yake: achanganye, achovye karatasi, angoje, anuse, apunguze tone, aanze upya.

Pulizia zote mbili, kila mkono na yake. Mwanzoni hazifanani sana. Aventus inakuja na tunda bivu, lenye maji; Club de Nuit inakuja na limau kali linalochoma pua. Hapo ndipo tofauti ya bei inaposikika waziwazi, nami sitaificha. Ngoja kwanza. Limau likishatulia, moshi unapanda, nanasi linajitokeza chini yake, na mwishowe ngozini panabaki miski na ile harufu kavu, yenye chumvi kwa mbali, ya ambari. Ambari hiyo, ambayo pwani yetu iliwahi kuiuza Uarabuni, leo ina mbadala wake, ambroksani, na fundi wa bei nafuu naye anaweza kuinunua. Ikifika alasiri, mikono miwili imekaribiana mno.

Ninachokistahi zaidi ni uamuzi wa huyu fundi. Fedha yake haikutosha kila kitu, basi akaubana mwanzo, unaoruka upesi, akaujenga mwili wa marashi, ule anaoshinda nao mvaaji kutwa nzima. Moshi wenyewe hakuunakili tu. Aliukoleza kupita wa Aventus, na kwa pua yangu, umekaa vizuri zaidi hivyo.