Mama Kayai na Haki ya Mtani

Katika mjadala wa darasani mwenzangu mmoja alidai kwamba mwigizaji wa kike anayechekesha pembeni mwa mhusika mkuu ni "mhusika bapa" tu, wa kujazia nafasi, na mhakiki makini hana cha kuhakiki pale. Nilimjibu kwa hasira na jibu lenyewe lilikuwa bovu. Leo najaribu tena, na mfano wangu ni Mary Khavere, yaani Mama Kayai wa Vitimbi.

Mtauliza: mtu wa Tabora na Vitimbi wapi na wapi? Mchezo ulikuwa wa KBC ya Nairobi, na sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Sawa kabisa. Mimi nimemwona kwa vipande vya mtandaoni, likizoni, simu imeegemezwa kwenye kopo na bibi yangu akipepeta mchele pembeni. Ojwang akaanza kudanganya. Mama Kayai akamtazama weee, halafu akamvurumishia maneno. Bibi alicheka hadi ungo ukataka kumponyoka. "Mjukuu wangu, huyo si mke, huyo ni mtani wake!"

Kwa Mnyamwezi neno hilo ni zito. Utani wetu na Wazaramo na wengine walio kwenye njia ya kwenda pwani unahusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Ukipita nchi za watu mwaka hadi mwaka, lazima ipatikane namna ya kutukanana bila kuumizana. Hadi leo mtani anaweza kufika msibani akaigiza marehemu alivyokuwa bahili, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Angalieni lakini: mtani si mwenye msiba. Yuko pembeni. Ila anasema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasema.

Ndipo mahali pa Mama Kayai. Njama ni za Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeuvaa Ujaluo kwa lafudhi mpaka watu wakaamini (huo nao ni utani, tena mkubwa). Haki ya kusema ni ya mke. Khavere haikimbilii. Humwachia mwenzake uongo wake autandaze wote, na katika ule ukimya ndipo mtazamaji anapoanza kucheka, kabla hata neno halijatoka. Mwigizaji anayejua kusikiliza namna hiyo si bapa. Kama kuna ubapa, uko kwenye maandishi.

Hapo nakubaliana na mwenzangu nusu. Katika vipande nilivyoviona, Mama Kayai mara nyingi huletwa kama polisi wa nyumbani: mume anakosea, yeye anafumania, kelele, mwisho. Ni nadra kumwona akiwa na njama yake, tamaa yake, au kosa lake mwenyewe. Waandishi wamempa haki ya mtani wakasahau kwamba mtani naye ana kwao, ana misiba yake. Wanjau alifariki Julai 2015, baada ya wawili hao kuigiza pamoja miaka na miaka, na watu wengi bado wanamtaja Khavere kama "mke wa Ojwang". Jina lake halisi wangapi wanalijua?

Na sisi tusijifanye wazima. Orijino Komedi, iliyohamia TBC1 mwaka 2008, ilikuwa kundi la wanaume, na bibi kizee aliyetuvunja mbavu alikuwa Joti, mwanamume ndani ya gauni. Joti ni fundi, sibishi. Lakini nilipomwonyesha bibi kipande chake, baada tu ya kile cha Mama Kayai, alitazama kidogo, akarudi kwenye ungo wake.

"Wanawake wa hapo wamekwenda wapi?" akauliza. Kisha akaniambia nimrudishie yule mama wa kwanza.