Fangasi wa nyoka alivyofuatiliwa hadi 1945

Kiangazi cha 2008, nyoka watatu aina ya massasauga walipatikana jimboni Illinois, Marekani, nyuso zimevimba. Wote walikufa ndani ya majuma matatu. Miaka miwili kabla, huko New Hampshire, kundi dogo la nyoka wenye njuga mkiani lilianza kupukutika. Mshukiwa, fangasi ambaye leo anaitwa Ophidiomyces ophidiicola, alionekana mgeni kabisa.

Lakini kumkuta fangasi kwenye kidonda hakuthibitishi kwamba ndiye aliyekileta. Ngozi ya kiumbe anayetambaa hubeba vimelea vya kila namna. Mwaka 2015 mtafiti Jeffrey Lorch na wenzake walimpandikiza fangasi huyo kwenye ngozi ya nyoka wa mahindi wenye afya. Vidonda vilevile vikatokea, na fangasi yuleyule akaoteshwa tena kutoka humo. Shauri likaisha. Kwangu mimi, lililo zito ni tabia ya wagonjwa: walijivua gamba mara nyingi zaidi, wakasusa chakula, wakakaa mahali pa wazi. Porini, nyoka wa namna hiyo huliwa na mwewe, na mzoga wake haufiki maabara.

Ndiyo maana kufuatilia afya ya nyoka ni kazi ngumu: hawahesabiki kwa ndege kama nyumbu. Utafiti uliotolewa 2017 ulipita njia nyingine. Ulipima mizoga 33 na magamba 303 yaliyovuliwa, yote yakiwa yamekusanywa Ulaya kati ya 2010 na 2016, na fangasi akapatikana kwa nyoka wa porini wa Uingereza na Czech. Kuokota gamba hakumsumbui mnyama, na mtu yeyote anaweza kufundishwa. Tatizo ni kwamba vinasaba vya fangasi juu ya gamba vinaonyesha tu kuwa alikuwepo. Ili kuthibitisha ugonjwa, kipande cha ngozi hukatwa na kutazamwa kwa hadubini, nyuzi za fangasi zionekane zimepenya. Taarifa nyingi hazifiki hatua hiyo.

Kisha watafiti wakageukia makumbusho. Nyoka waliohifadhiwa Marekani walikaguliwa vidonda, tishu zao zikapimwa, na ugonjwa ukathibitishwa kwa nyoka aliyekusanywa 1945, miaka 61 kabla ya mkasa wa New Hampshire. Kwa hiyo ugeni wa fangasi huyu ulitangazwa mapema mno. Iwapo madhara yake yameongezeka tangu wakati huo ni swali jingine, na anayedai hivyo alete idadi za zamani za nyoka hao.