Hukumu ya Sikio

Katika milango mitano ya fahamu, sikio ndilo hakimu mwenye kazi ngumu. Jicho likitaka kupima vitambaa viwili, vitambaa hulazwa kando kwa kando, vikatulia mpaka jicho likate shauri. Sauti haitulii. Ya kwanza hupita kabla ya ya pili kuanza, na hakimu hubaki akilinganisha analolisikia na analolikumbuka. Kumbukumbu ya sauti ni fupi, tena ni nyepesi kuhongwa. Kwa hiyo yafaa tuchunguze jinsi watu wanavyohukumu visikizio vya thamani kubwa, yaani vile vyombo vya kuvaa masikioni ambavyo wengi huviita hedifoni. Maana katika biashara hiyo kuihonga kumbukumbu kumekuwa ufundi mkubwa.

Hapo mwanzo hukumu ilikuwa rahisi. Kwenye mwaka 1910 hivi, Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliunda visikizio ambavyo jeshi la majini la nchi yake lilivinunua kwa kazi ya simu ya upepo. Baharia alivivaa ili asikie ishara dhaifu zitokazo mbali. Akizisikia, chombo chema. Asipozisikia, chombo kibovu. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer wa Ujerumani ilitoa visikizio vya DT 48, na mwaka 1958 John Koss wa mji wa Milwaukee, Marekani, akatoa vyake vya kusikilizia muziki wa santuri, kila sikio likipata sauti yake. Kadiri muziki ulivyochukua nafasi ya ishara, swali lilibadilika. Zamani mtu aliulizwa, "Je, umesikia?" Sasa aliulizwa, "Je, umesikia vizuri?" Swali la kwanza lina jawabu moja. La pili lina majawabu mengi kama watu, na penye majawabu mengi muuzaji hupata nafasi ya kuingiza lake.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1991 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa visikizio vilivyoitwa Orpheus, seti 300 hivi tu. Mwaka 2015 ilitangaza warithi wake, HE 1, kwa bei ya Euro 50,000 hivi. Ndani ya kila upande mna utando mwembamba mno uvutwao na kusukumwa kwa nguvu ya umeme, na ufundi wake wastahili heshima. Lakini angalia yatokeayo kabla ya wimbo kuanza. Amplifaya yake imejengwa katika marumaru ya Carrara, Italia. Mwenyewe akibonyeza, vifundo hujitokeza polepole, vali nane za kioo hupanda kutoka ndani ya jiwe, kisha kifuniko huinuka na kufichua visikizio vilivyolala. Hapajasikika hata noti moja, na tayari msikilizaji ameketishwa kama mgeni wa sultani. Ni nani, baada ya makaribisho hayo, atakayethubutu kusema kwamba mchuzi umekosa chumvi?

Kampuni ilieleza pia kwamba chombo hicho chatoa sauti za mitetemo 8 mpaka zaidi ya 100,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kutoka 20 mpaka 20,000 hivi, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyozidi. Noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo 4,186. Basi ile 80,000 ya ziada amewekewa nani? Popo huenda angeifurahia, lakini popo hanunui. Hesabu yaweza kuwa ya kweli na bado isiwe sifa, kama vile mtu asifuvyo kisima kwa kina ambacho kamba ya kijiji haikifikii.

Mashahidi wa uongo katika kesi hii ni watatu: jicho, mfuko na ukubwa wa sauti. Jicho lilipimwa na Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman, Marekani, katika uchunguzi walioutoa mwaka 1994. Watu 40 walisikilizishwa spika zile zile, mara wakiziona na mara wasizione. Spika hazikubadilika, lakini alama zilibadilika. Zilizokuwa kubwa na za fahari zilipata sifa zaidi zilipoonekana. Mfuko nao ulipimwa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha bei za visikizio 283 na jinsi vinavyogawa nguvu kati ya sauti nene na nyembamba, asione uhusiano wowote. Maana yake si kwamba kila cha ghali ni kibaya. Maana yake ni kwamba bei, ikiitwa peke yake kutoa ushahidi juu ya mgawanyo huo, haina la kusema.

Shahidi wa tatu ndiye mjanja kuliko wote. Sauti mbili zikiwa sawa kwa kila jambo, na moja ikapandishwa kwa desibeli moja tu, msikilizaji mara nyingi hasemi kwamba hiyo ni kubwa zaidi. Husema ni safi zaidi, au ina uhai zaidi. Kwa hila hiyo chombo dhaifu huweza kushinda chombo bora. Tena shahidi huyu humdhuru hakimu mwenyewe, kwa kuwa chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipitishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Mwenye kupandisha sauti kila siku ili aone utamu wa visikizio vyake anauza sikio ili anunue chombo cha sikio.

Hukumu ya haki, basi, hufuata njia gani? Kwanza, vyombo vinavyoshindana visawazishwe ukubwa wa sauti kwa kipimo, wala si kwa kukisia. Pili, jina na bei vifichwe. Hapa visikizio vina ugumu wao, maana spika yaweza kuwekwa nyuma ya pazia, lakini visikizio hugusa kichwa. Uzito na mto wake humtambulisha kabla hajasema. Ndiyo sababu watafiti wa Harman walibuni njia ya kuiga sauti za visikizio vingi kupitia kisikizio kimoja, ili ngozi isitoe siri. Asiye na maabara aweza angalau kuandika hukumu yake kwanza, na kuuliza bei baadaye.

Tatu, msikilizaji achague muziki anaoujua. Aliyelelewa katika udi na kanuni za taarabu asihukumu kwa okestra ya Ulaya ambayo hajapata kuisikia ikipigwa mbele yake, atajuaje kilichopungua? Tena asisahau sauti ya mtu. Hakuna ala tunayoijua zaidi yake, kwa kuwa tumeisikia tangu tumboni mwa mama. Kisikizio kikiifanya sauti ya bibi mwimbaji itoke kama puani, au kikaifanya kila herufi ya "s" kuwa mluzi wa nyoka, hapana haja ya shahidi mwingine. Kisha asikilize ngoma: je, pigo lajulikana lilipoanza na ngozi ilipotulia, au besi yote imekuwa uji mmoja?

Maswali kama hayo hujibika, na jawabu lake laweza kukaguliwa na mtu mwingine. Linganisha na lugha ya wasifu wengi wa vyombo hivi. Watasema sauti ni ya hariri, ina joto, ina hewa, ina heshima. Maneno hayo hayana kosa kwa yenyewe. Kila mhakiki hukopa maneno ya milango mingine ya fahamu. Kosa ni kukopa bila kulipa. Asemaye "ina joto" na aeleze kwamba sauti nene zimezidi kidogo na kali zimepunguzwa, na katika wimbo gani ameliona hilo. Asipoeleza, sifa yake ingeweza kusemwa juu ya kanzu au chai. Na kama anayesifu ndiye anayeuza, kumbuka kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

Yupo atakayepinga na kusema: uzuri ni wa ladha, na ladha haishtakiwi. Kweli, mmoja hupenda besi nzito na mwingine haipendi, na hapana wa kuwaamua. Hata hivyo, majaribio ya Harman yaliwaonyesha wasikilizaji wa nchi mbalimbali wakielekea kupenda mlingano unaokaribiana, kwa hiyo ladha si pori lisilo na njia. Vile vile mtu ana haki ya kununua kitu kwa uzuri wa umbo lake, kwa wepesi wake kichwani, au kwa sababu kimeundwa ili kitengenezeke kikiharibika. Hayo ni mambo ya thamani. Lakini yaitwe kwa majina yake. Marumaru isifiwe kuwa ni marumaru njema. Isipewe sifa ya wimbo.

Kijana asomaye haya huenda asiguse kamwe kisikizio cha Euro 50,000, wala hatakuwa amepungukiwa. Lakini kila siku ataombwa akubali kwamba kilicho ghali ndicho bora na kwamba sikio lake la kimaskini halifai kubisha. Akiamini hivyo, atakuwa amewapa wengine kiti chake cha uhakimu, na hataishia katika muziki. Atafanya hivyo katika vitabu, katika hotuba na katika watu. Na asikilize kwanza, aseme alichokisikia, atoe sababu yake. Ndipo ageuze kile kikaratasi atazame bei.