Mwenye Filimbi

Katika kambi za maskauti wa Marekani, kando ya ziwa, husimikwa ubao wenye safu za vindoano. Kila anayeingia majini hutundika hapo kadi ya duara yenye jina lake: nyeupe tupu kwa asiyejua kuogelea, nusu yake nyekundu kwa anayejifunza, nyekundu na buluu kwa aliyefuzu. Kadi hutundikwa mbilimbili, kwa sababu hakuna anayeingia bila mwenzi. Anayetoka huchukua ya kwake. Ikisalia kadi na mwenyewe haonekani, michezo yote husimama na watu wazima huanza kutafuta. Chombo hiki hakihitaji betri, na sijaona kingine cha kukishinda.

Anayelinda ubao huo si mwanamaji. Aghalabu ni mhasibu, fundi magari au mwalimu aliyejitolea likizo yake, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Kuna mwongozo wa nukta nane kwa kuogelea na wa nukta tisa kwa vyombo vya majini, na mafunzo yake hurudiwa kila baada ya miaka miwili. Sehemu ya nadharia humalizika upesi kwenye intaneti, na mtu hupewa cheti. Cheti hicho peke yake nakithamini kidogo; kazi ninayoistahi huanza mtu akishalowa.

Tazama jinsi jaribio la kuogelea lilivyosukwa. Kijana huruka, miguu ikitangulia, kwenye maji yanayomzidi kimo. Huogelea kwa nguvu yadi 75, kisha yadi 25 chali kwa mtindo wa kupumzika, bila kusita, na njiani akate kona kali angalau mara moja. Akimaliza, aelee ametulia. Mgeni akiangalia ataona mbio za yadi mia, lakini hakuna anayepima mwendo. Kuruka kunaonyesha kama anaweza kuzama ghafla akaibuka bila kupagawa, kama atakavyozama mtumbwi ukipinduka. Yadi 75 ni za kufika mahali pa kushika, na zile za chali ni za kurudisha pumzi nguvu zinapokwisha. Msimamizi aliyefunzwa vizuri hutazama uso wa mtoto kuliko mikono yake. Asiyefuzu hafukuzwi: anaweza kukaa mtumbwini na mtu mzima anayeogelea na kukimudu chombo, mahali penye maji matulivu.

Kutazama kwenyewe hufundishwa. Frank Pia, mwokoaji wa ufukwe wa Orchard Beach mjini New York, alichunguza watu wakizama, akaonyesha kwamba anayezama kweli hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo huzama na kuibuka, mikono husukuma maji chini, mwili umesimama wima, na huenda akawa na sekunde 20 hadi 60 tu. Kwa mbali anafanana na anayecheza. Kwa hiyo filimbi hupulizwa kila baada ya muda mfupi, wenzi washikane mikono juu, nao wahesabiwe. Vijana hunung'unika kwamba mchezo umekatizwa. Wacha wanung'unike.

Somo lipendezalo kuliko yote ni la mtumbwi uliopinduka. Waliotumbukia, wakiwa na jaketi okozi zao, hushika chombo chao. Mtumbwi wa pili huja, ukakaa nao kama herufi T. Waokoaji huinua omo ya ule uliopinduka, huuvuta kifudifudi ukalala juu ya kingo za mtumbwi wao, na maji yote humwagika. Huugeuza, huutelezesha ziwani, huushikilia ubavuni, na wenyewe hupanda mmoja baada ya mwingine. Wenye mazoea hufanya yote haya kwa dakika chache, wala hakuna aliyefua maji hata kopo moja. Mara za mwanzo watu wazima huvuta kwa mabavu, nusura wapinduke wote. Baadaye hugundua kwamba wakisubiri chombo kiinuke, uzito unapungua wenyewe.

Kinachowawia vigumu zaidi ni kutojirusha. Baba akiona mtoto anatapatapa, mwili wake humtangulia. Mafunzo humrudisha nyuma: kwanza nyosha mkono, kafi au mti, usipofika, rusha kamba au boya, usipofika, nenda na chombo, kuogelea kumwendea huja mwisho, na ni kwa aliyefunzwa.

Halafu kuna kughairi safari. Machi 1993 huko Uingereza, wanafunzi walitoka Lyme Regis kwa kayaki kwenda Charmouth, upepo ukawasukuma mbali na pwani, wanne wakafa. Waliowaongoza walikuwa waajiriwa wa kituo cha michezo, tena wenye ujuzi mdogo. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vituo vya namna hiyo mwaka 1995. Ndiyo maana mkufunzi mzuri humtaka mwanafunzi wake asome upepo kabla ya kufungua mizigo, wakati bado ni rahisi kusema leo hatuendi.

Wakienda, huacha karatasi kwa mtu wa nchi kavu: majina, njia, saa ya kurejea. Wakirudi salama, humpigia simu kabla ya kuanika nguo, asije akawaamsha waokoaji wa wilaya nzima bure.