Nani Ana Ruhusa ya Kucheka? Churchill Show Ikitazamwa Carama

Katika chumba tunachokaa wanafunzi wanne hapa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, kuna kompyuta moja. Siku sita ni ya masomo. Jumapili usiku ni ya Churchill Show, kipindi cha Kenya kilichojulikana kupitia runinga ya NTV, ambacho sisi hukitazama kwenye YouTube. Mwendeshaji wake ni Daniel Ndambuki, anayejulikana zaidi kwa jina la Churchill. Uhakiki huu unajaribu kujibu swali ambalo mwenzangu aliuliza usiku mmoja tukiwa tunatazama, nami nikakosa jibu.

Nianze na umbo. Kipindi kina mambo matatu: vichekesho, muziki na mazungumzo. Mchanganyiko huu si mgeni. Nchini Marekani, The Tonight Show ilianza mwaka 1954, na Johnny Carson aliiendesha kwa miaka 30, tangu 1962 hadi 1992. Lakini Carson alikaa nyuma ya meza, na usiku ulikuwa wake. Churchill husimama mbele ya umati, husema yake, kisha huwaachia wengine jukwaa. Eric Omondi ni mmoja wa waliojulikana kwa njia hiyo. Kwa hiyo kipindi hiki ni burudani na pia ni shule ya wachekeshaji.

Silaha kubwa ya shule hiyo ni lafudhi. Teacher Wanjiku huigiza mwalimu mwenye lafudhi ya Kikuyu. MC Jessy huchekesha kwa lafudhi ya Kimeru. Usiku ule wawili wetu tulicheka hadi machozi. Wa tatu hakucheka. Akauliza: "Kabila la mtu linatajwa mbele ya watu wote, na mwenyewe anacheka. Wanawezaje? Kwetu ungeangalia mlango kwanza."

Tulinyamaza. Hapa Burundi kabila ni jambo la hesabu na la makaburi. Kufuatia Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, hata nafasi za serikali ziligawanywa kwa asilimia 60 na 40.

Jibu la haraka ni kusema kwamba Wakenya wameshavuka huko. Si kweli. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa, wengi wao kwa sababu ya kabila. Wachekeshaji hawa wanagusa kidonda ambacho bado kipo.

Jibu langu nimelipata katika fasihi simulizi. Katika utani wa makabila ya Tanzania, mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani, kwa sharti kwamba nawe una ruhusa hiyo hiyo kwake. Utani ni deni linalolipwa na pande zote mbili. Kwa kipimo hicho, MC Jessy, Mmeru anayewacheka Wameru, hana kosa; wala Churchill, Mkamba anayewatania Wakamba. Lakini mchekeshaji anapoiga lafudhi ya jamii isiyo na mtu wake jukwaani, hakuna wa kumrudishia. Hapo utani umekwisha, kimebaki kejeli. Kasoro ya kipindi ni kwamba huyaweka mambo haya mawili sahani moja, na makofi ni yale yale.

Muziki nao, kwa maoni yangu, hutumiwa kama pumziko tu. Mwimbaji huja, hushangiliwa, huondoka, na wimbo wake hauzungumzi na vichekesho vilivyotangulia.

Sehemu iliyo bora ni mazungumzo. Mgeni anaposimulia safari ya maisha yake, Churchill hujua kunyamaza, na hiyo ni sifa adimu kwa mchekeshaji. Na anapozungumza na watoto, huuliza kisha huwaacha wajibu. Kicheko hutoka katika ukweli wa jibu, na hakuna anayehitaji kujua mtoto yule ni wa kabila gani.

Je, kipindi kama hiki kingewezekana Bujumbura? Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote husema Kirundi. Lafudhi itakuonyesha mkoa wa mtu, kabila lake mara nyingi hutalijua. Anayetaka kuiga Nairobi hapa atakuta silaha yake haina risasi, na nadhani hiyo ni bahati yetu. Itambidi atafute kicheko kingine.

Usiku ule kilipatikana bila kutafutwa. Yule aliyeuliza swali ni mzaliwa wa Buyenzi. Alipoona tumenyamaza mno, alianza kuiga Kiswahili changu cha darasani, neno kwa neno, kama ninayesoma kitabu. Nikamrudishia Kiswahili chake cha Buyenzi, chenye Kirundi na Kifaransa ndani. Tulicheka sote wanne, na kipindi kikaendelea peke yake mezani.