Filamu ya Wanyonya Damu na Watazamaji Wake

Sisi tuliokua katika miaka ya 1950 hatukuhitaji sinema ili tumjue mnyonya damu. Tulikuwa na mumiani. Likipita gari jekundu jioni tulijitupa vichakani, maana tuliambiwa kwamba waliomo ndani huwakamata watu na kuwakamua damu. Mumiani wetu hakuwa na sura nzuri wala hakuwa na mapenzi. Alikuwa mtu wa kazi, mtumishi wa wakubwa, na aliyekamatwa hakurudi kusimulia. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike, ambaye yuko chuo kikuu, aliponiwekea mbele kompyuta yake mpakato wakati wa likizo akasema, "Babu, leo nakuonyesha mumiani wa Kimarekani," nilikaa kitako nikitarajia kuogopa. Sikuogopa hata kidogo. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake nitaieleza.

Filamu yenyewe inaitwa Bit. Iliandikwa na kuongozwa na Brad Michael Elmore, ikaonyeshwa kwanza mwaka 2019 na kuingia sokoni Marekani mwaka 2020. Ilitengenezwa kwa fedha chache, na mtazamaji huliona jambo hilo mapema. Laurel, msichana wa miaka 18 aliyemaliza shule, anatoka jimbo la Oregon kwenda Los Angeles kukaa na kaka yake Mark katika kiangazi. Usiku mmoja anakutana na msichana aitwaye Izzy, wanapendana papo hapo, na kumbe Izzy ni mmoja wa kundi la wasichana wanyonya damu wanaoongozwa na mwanamke aitwaye Duke. Wasichana hawa huwinda wanaume wanaowaonea wanawake. Sharti lao kubwa ni moja: mwanaume asifanywe mnyonya damu kamwe, kwa kuwa mwanaume akipewa nguvu hiyo ataitumia vibaya. Duke analisema sharti hilo kwa uchungu wa mtu aliyeumia, kwani yeye mwenyewe aligeuzwa na bwana mmoja aitwaye Vlad, aliyekuwa akiwatawala wanawake wake kwa kuwapumbaza akili.

Na Laurel alizaliwa akidhaniwa mvulana. Filamu haisimami kutueleza hilo. Anayejua anajua, na asiyejua atalipata kwa kuokota dokezo hapa na pale.

Masimulizi ya mwanamke mnyonya damu anayempenda mwanamke mwenziwe si mapya. Sheridan Le Fanu wa Ireland aliandika Carmilla mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula ya Bram Stoker. Katika hadithi ile Carmilla anaishia mikononi mwa wanaume, wakamchoma kigingi, wakamkata kichwa, wakamteketeza. Mfano huo ulishikwa na watunga hadithi na watengeneza filamu wengi waliofuata: binti atapenda, atang'ata, kisha watakuja wazee na vigingi kurudisha utaratibu. Elmore amewaondoa wazee wale. Katika filamu yake hakuna mwenye hekima anayekuja na kitabu na msalaba, na wasichana wameachiwa watunge sheria wao wenyewe. Mimi niliyetunga sheria za shule na vyuo kwa zaidi ya miaka 30 nilijua mara moja kwamba hapo ndipo kazi itakapokuwa.

Sasa nizungumzie watazamaji, maana mjukuu wangu alinisomea maoni yao siku mbili mfululizo, na ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Wako waliofurahi mno. Hawa walisema kwamba kwa mara ya kwanza wamemwona msichana kama Laurel ambaye hauawi ili wengine walie, wala hageuzwi kichekesho, wala hatumiki kama fumbo ambalo jibu lake linafichuliwa mwishoni. Wengine walinung'unika: yawaje mwanaume asiye katika hali hiyo aandike habari za wanawake wapendanao na za msichana wa namna ile? Wengine walichoshwa na hotuba za Duke, wakasema wamekwenda sinema na kukuta mhadhara. Wengine tena walikasirika kabisa, wakaiita filamu ya kuwachukia wanaume.

Maoni haya nayapokea kwa tahadhari. Mwaka 2009 ilitoka filamu nyingine ya msichana mla watu, Jennifer's Body, iliyoandikwa na Diablo Cody na kuongozwa na Karyn Kusama. Ilitangazwa kama tamu ya macho kwa vijana wa kiume, kwa sababu Megan Fox alikuwemo. Vijana wale walipokwenda wakakuta hadithi ya msichana aliyetolewa kafara na wanamuziki waliotaka umaarufu, pamoja na urafiki mzito wa wasichana wawili. Ikadharauliwa. Baada ya mwaka 2017, wanawake wengi walipojitokeza hadharani kueleza waliyotendewa na wakubwa wa filamu, filamu ile ile ikatazamwa upya na kusifiwa. Hakuna picha hata moja iliyobadilishwa ndani yake.

Nyumbani kwangu nako tulikuwa na mabishano. Mwalimu mwenzangu mstaafu, jirani yetu, alikuja tulipoitazama mara ya pili. Alikaa kimya hadi mwisho kisha akasema, "Mwalimu, hawa mabinti wanaua watu na muziki unapigwa. Ningekuwa mkaguzi ningelifunga chuo chao." Mjukuu wangu akamjibu kwa adabu, "Shikamoo nimekupa, babu, lakini mbona wanaume wanapoua kwenye filamu zako za vita huulizi?" Mzee mwenzangu alicheka, akaomba chai. Swali lilikuwa la haki.

Hata hivyo naona kwamba wote hawa, wa Marekani na wa sebuleni kwangu, wameipima filamu kwa kuuliza iko upande wa nani. Kiini chake kipo katika lile sharti. Aliyeonewa anapata nguvu, anatunga sheria ya kujilinda, na sheria hiyo ina sababu ya kweli. Kisha inamkuta mtu ambaye si adui. Laurel, akiwa amezidiwa na njaa ya damu, anamng'ata kaka yake mwenyewe, yule Mark aliyempokea na kumpa mahali pa kulala. Sasa ama amwache afe, ama amgeuze na kuvunja sharti. Anamgeuza. Anayesema filamu inachukia wanaume hakutazama kipande hicho kwa makini, na anayesema ni sherehe tupu ya ushindi wa wanawake hakukitazama pia. Duke si mjinga, na machungu yake hayakubuniwa, lakini naye ameonja utamu wa kutawala. Jinsi mambo yanavyoishia sitasema.

Niliposikia habari za mchezaji mwenyewe ndipo usingizi uliponipaa. Laurel amechezwa na Nicole Maines, yule yule aliyeanza kumcheza shujaa Dreamer katika mfululizo wa televisheni wa Supergirl mwaka 2018. Naye alizaliwa akidhaniwa mvulana, pacha wa ndugu yake wa kiume. Alipokuwa mwanafunzi wa darasa la tano huko Orono, jimbo la Maine, akisoma kama msichana na kutumia choo cha wasichana, mvulana mmoja alimfuata humo akidai kwamba kama huyu anaingia, naye ana haki ya kuingia. Wakuu wa shule wakamzuia Nicole, wakampa choo cha walimu, na mtu mzima akawekwa kumfuata na kumwangalia. Familia yake ikahama mji. Kesi ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo, na Januari 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba shule ilivunja sheria ya haki za binadamu ya jimbo la Maine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya juu ya jimbo nchini humo kuamua hivyo.

Choo cha walimu! Mjukuu wangu alipolisoma hilo nilimwomba arudie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Tulimpokea mwanachuo mmoja, mvulana kwa mujibu wa fomu zake, mwenye sauti nyembamba na mwendo wa taratibu, aliyependa kukaa na wasichana wakisuka vikapu. Alikuwa nani ndani ya nafsi yake sijui. Sikumuuliza, na nyakati zile nisingejua swali la kuuliza. Sheria zetu na mila zetu juu ya mambo haya zinafahamika, wala sikukusudia kuzijadili hapa. Ninalosema ni kwamba bwenini walimmwagia maji kitandani, wakampa jina ambalo siwezi kuliandika. Alikuja ofisini kwangu mara mbili, akasimama wima, akaeleza bila kulia.

Nikafanya nililoliona la busara. Nilimpa chumba kidogo nyuma ya jiko, kilichokuwa stoo ya majembe, pamoja na ufunguo wake, na ruhusa ya kutumia choo cha walimu. Katika mkutano wa walimu nilisema jambo limekwisha bila kelele, na wenzangu wakanipongeza. Tangu siku hiyo kila aliyemwona akivuka uwanja na taulo lake begani kuelekea choo cha walimu alikumbushwa kwamba yule si mwenzao. Wale waliomwaga maji sikumwadhibu hata mmoja. Baada ya likizo ya Juni hakurudi. Ufunguo uliletwa na mwenzake ndani ya bahasha, bila barua.

Sikuwahi kulihesabu jambo hilo miongoni mwa makosa yangu. Makosa yangu niliyajua, nayo yalikuwa mengine. Imebidi nifikishe umri huu, na kuonyeshwa filamu ya wasichana wanaokunywa damu, ndipo niuone mlango ule kwa upande wa yule aliyepewa ufunguo.

Kwa hiyo nawaelewa watazamaji waliofurahi, hata kama furaha yao iliwafanya waisamehe filamu mno. Duke, pamoja na ukali wake wote, hamtengei Laurel chumba nyuma ya jiko. Sharti linasema wasiwe wanaume, na Laurel anaingia kwa mlango ule ule walioingia wenzake. Wala hapewi hotuba ya kukaribishwa. Mwandishi aliyetaka kusifiwa angeandika hapo machozi na muziki wa fidla. Elmore amepita kimya, na hapo amefanya kazi nzuri kuliko popote. Wale wanaosema mwanaume hakustahili kuiandika wangeonyesha ni wapi amekosea katika hilo, nilingoja, sikuona.

Kwingine amekosea, tena waziwazi. Mark ameandikwa kwa haraka, hata anapong'atwa tunamhurumia kwa kuwa ni kaka wa mtu, si kwa kuwa tunamjua. Baadhi ya wasichana wa kundi hawana kazi ila kutoa maneno ya kejeli. Duke huzungumza kana kwamba kuna mwanafunzi anayenakili, na hili nalisema kama mtu mwenye ugonjwa huo huo. Sehemu ya mwisho inakimbizwa mno, mambo makubwa yanaamuliwa kwa dakika chache, mtazamaji hajameza hili analetewa lile. Waliolalamikia mahubiri walikuwa na hoja.

Nikiulizwa alama, ningeipa 62 kwa 100. Mjukuu wangu anasema mimi ni mbahili tangu zamani. Mwalimu mwenzangu aliipa 30, lakini ndiye aliyetuma mtoto juzi kuuliza kama kompyuta bado ipo, kwa sababu ile habari ya Duke na yule bwana wake hakuielewa sawasawa.